Tundu la Ushanga

Mtu akiniletea kidani cha kaharabu cha zamani, mkono ndio unaotangulia kuniambia kitu. Kaharabu ni nyepesi. Hata shanga ziwe kubwa na zimejaa shingo nzima, mvaaji hachoki. Kioo ukikishika ni kizito na baridi. Kaharabu haina baridi hiyo, na ikikaa kiganjani kidogo tu inachukua joto la mwili. Kwa hiyo huipima mkononi kwanza huku macho yangu yakiwa kwa mteja, maana mteja naye ana habari zake usoni.

Naishi Gdańsk, kaskazini mwa Polandi, na kazi yangu ni kutunga upya vidani na tasbihi za kale. Nyumbani Unguja wengi hudhani nauza vito vya bei kubwa. Siuzi kitu. Nakata uzi uliooza, nasafisha shanga moja moja, natunga kwa uzi wa hariri nikipiga fundo baada ya kila ushanga ili siku uzi ukikatika zisimwagike zote sakafuni, kisha mwenyewe anachukua mali yake. Lakini fundi wa kutunga ana nafasi ambayo hata sonara hana: anakiona kidani kimefumuliwa, kila ushanga peke yake, bila mwenzake wa kuufichia aibu.

Kwa asiyeijua, kaharabu ni utomvu wa miti uliogeuka kisukuku. Ile ya Bahari ya Baltiki, iliyosafiri na kuvaliwa kuliko nyingine zote, ilidondoka kutoka misitu iliyokuwapo takriban miaka milioni 40 iliyopita. Haina uhusiano na ambari ya nyangumi wanayoijua wazee wa pwani yetu, ingawa zote mbili huokotwa ufukoni. Wala si jiwe. Ukiisugua kwa kitambaa cha sufu inavuta vipande vya karatasi. Ukiichoma inawaka na kutoa moshi wenye harufu ya msonobari.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na karakana ya chumba kimoja karibu na mtaa wa Mariacka, ambako siku hizi mbele ya nyumba za kale kumejaa meza za kuuzia watalii herini na vikuku. Nilimwita Pan, kama Wapolandi wanavyomwita mwanamume wa heshima, naye aliniita Pani, ingawa kwa umri ningeweza kuwa mjukuu wake. Siku za mwanzo alinimwagia rundo la shanga mchanganyiko mezani, akanipa lenzi, akasema: "Pani, uso wa ushanga umepambwa ili utazamwe. Wewe tazama tundu."

Nimefanya hivyo tangu hapo. Ushanga uliotobolewa kwa keekee ya mkono mara nyingi umetobolewa kutoka pande zote mbili, na njia mbili hizo hukutana katikati zikiwa zimepishana kidogo. Ukimulika unaona kidato ndani. Wa mashine una njia moja iliyonyooka. Midomo ya tundu nayo ina maneno yake. Shanga zilizovaliwa miongo mingi zimesuguana hadi mdomo umelainika na kupanuka, na pengine umemeguka. Halafu tazama rangi. Kaharabu ikikaa na hewa na mwanga huwiva: njano hufifia kuwa asali, asali huwa hudhurungi, na mwisho huja wekundu uliokolea ambao wanunuzi wanaupenda sana. Kuiva huko ni kwa ngozi ya juu tu. Palipomeguka utaona njano imejificha chini. Wapo wanaotia shanga mpya kwenye tanuri ili zipate kwa muda mfupi wekundu wa miaka mia moja. Hizo wekundu wake umelingana mno, na midomo ya matundu ni mikali utadhani imetobolewa jana, na kweli imetobolewa jana.

Tundu hilo hilo ndilo lililonifungulia historia, maana mimi vitabu vilinijia baada ya shanga. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, kampuni iliyoitwa Stantien & Becker ilikuwa ikichota kaharabu kwa mashine chini ya maji ya wangwa wa Curonia, karibu na kijiji ambacho leo ni Juodkrantė, Lithuania. Pamoja na mali ghafi, mashine zikaanza kuleta juu vitu vilivyochongwa na watu: vifungo, vidani, na sanamu ndogo za binadamu, vyote vya Zama za Mawe. Mtaalamu Richard Klebs alivichapisha kwa michoro mwaka 1882. Sehemu kubwa ya vitu vyenyewe ilipotea katika Vita Kuu ya Pili, lakini michoro ipo, na ukiitazama unaona vifungo vilivyotobolewa kwa njia mbili za mshazari zinazokutana ndani, umbo la herufi V, ili uzi upite nyuma usionekane mbele. Mtu aliyefanya hivyo hakuwa na chuma. Mimi nina keekee ya umeme na bado hupasua ushanga mara moja moja, kwa sababu kaharabu ikipata joto la msuguano hukasirika.

Kutoka ufuko huo shanga zilisafiri mbali kuliko watu waliozichonga. Heinrich Schliemann alipofukua makaburi ya Mycenae, Ugiriki, mwaka 1876, alikuta kaharabu kwa wingi, na swali likawa imetoka wapi. Aliyelishika swali hilo alikuwa mfamasia wa mji huu huu ninaoishi, Otto Helm, ambaye alipima vipande vya kale akitafuta asidi ya saksiniki, iliyo nyingi katika kaharabu ya Baltiki. Akaikuta. Jawabu lake lilibishaniwa hadi miaka ya 1960, pale mkemia Curt Beck wa Marekani alipoonyesha kwamba mionzi ya infraredi ikipita kwenye kaharabu ya Baltiki huacha alama ya pekee inayotambulika. Kwa njia hiyo hiyo kichwa cha simba kilichochongwa, kilichopatikana mwaka 2002 katika kaburi la kifalme la Qatna, Syria, kimethibitishwa kuwa ni kaharabu ya Baltiki, na kina zaidi ya miaka 3,300. Mimi maabara sina. Ninapotaka uhakika wa namna hiyo mteja hupeleka ushanga mmoja kwa wenye mashine, analipa, anarudi na karatasi. Kwa mambo mengi ya kawaida, hata hivyo, haihitajiki.

Kuna sentensi moja ya Plini Mkubwa, Mrumi wa karne ya kwanza, ambayo kila nikiikumbuka huweka sindano chini. Anasimulia jinsi wakati wa Kaisari Nero alivyotumwa mtu hadi pwani ya kaskazini kuleta kaharabu, ikaja nyingi hata nyavu za kuzuia wanyama kwenye uwanja wa michezo zikapambwa kwayo, na pande kubwa kuliko yote lilikuwa na ratili 13 za Kirumi. Halafu anasema kwamba kisanamu cha mtu cha kaharabu, hata kikiwa kidogo namna gani, bei yake ilizidi bei ya watu wenyewe, walio hai na wenye nguvu. Nimekulia Mji Mkongwe, karibu na Mkunazini, penye kanisa lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa sentensi ile.

Na waliookota kaharabu nao hawakuwa huru nayo. Karne ya 13 Mashujaa wa Kitutoni, jeshi la watawa wa Kijerumani, waliiteka Sambia, rasi yenye kaharabu nyingi kuliko mahali popote, ambayo leo imo katika mkoa wa Kaliningrad, Urusi. Wakajifanya wao peke yao ndio wenye mali. Mvuvi akikuta kipande miguuni pake alitakiwa akipeleke kwa bwana, alipwe chumvi. Aliyekificha alihatarisha shingo yake. Miti ya kunyongea ilisimamishwa ufukoni ili kila mtu aione. Mali yenyewe ilikwenda kwa mafundi wa Bruges na Lübeck, waliotengeneza tasbihi za Kikristo. Gdańsk hapa mafundi walipata chama chao mwaka 1477, baada ya mji kuwatoka Mashujaa na kuingia chini ya mfalme wa Polandi. Baadaye Waprotestanti walipoenea na rozari zikakosa wanunuzi huku kaskazini, mafundi waligeukia visanduku, vikombe, kete za sataranji, na vipande vya kupambia kuta. Chumba maarufu cha kaharabu, kilichoanza Prussia mwaka 1701, kikapewa Petro Mkuu wa Urusi mwaka 1716, kikaporwa na Wanazi mwaka 1941 na kutoweka Königsberg (mji wa Kaliningrad wa leo) mwaka 1945, kilitoka katika mikono ya mafundi wa namna hiyo. Kile cha sasa karibu na St. Petersburg ni nakala iliyofunguliwa mwaka 2003. Watu huniuliza kila mara kile cha asili kiko wapi. Mimi nadhani kiliungua. Kaharabu ni utomvu, na vita vilikuwa vya moto.

Vidani nivipendavyo kuliko vyote havina mfalme ndani yake. Vinatoka Kurpie, misitu ya kaskazini-mashariki mwa Warsaw, ambako wanakijiji waliichimba kaharabu ardhini, wakaichonga wenyewe, na bibi harusi akaivaa kwa nyuzi kadhaa, ushanga mkubwa katikati na wadogo wakipanda kuelekea shingoni. Waliamini pia kwamba inakinga maradhi ya koo. Vile vinavyonifikia karibu vyote vina ushanga mmoja au mbili usiofanana na wenzake, wa kioo, wa mfupa, au wa kaharabu ya rangi nyingine. Wajukuu wanataka niutoe ili kidani kilingane. Huwaonyesha midomo ya matundu: ule wa kigeni mara nyingi umelika sawa na wenzake, maana yake umekaa humo maisha ya mtu mzima. Wengine hubadili mawazo. Wengine hawabadili, na ni mali yao. Nautoa na kuwarudishia ndani ya bahasha.

Sasa bandia, ambayo ndiyo nusu ya kazi yangu. Udanganyifu katika kaharabu umewapata hata wakubwa. Jumba la makumbusho ya viumbe London lilikuwa na kipande chenye nzi, kilichotoka kwenye mkusanyiko wa karne ya 19, na nzi huyo akaandikwa na wataalamu kuwa ni ajabu, kwa kuwa alifanana kabisa na nzi wa vyooni wa leo. Mwaka 1993 mtaalamu Andrew Ross alikuwa akikitazama chini ya hadubini, taa ikakipasha joto, mstari ukajitokeza. Kumbe mtu alikata kaharabu ya kweli vipande viwili, akaichimba shimo, akamweka nzi, akaiunganisha tena. Kila nikiletewa kipande chenye mdudu mkubwa aliyekaa vizuri katikati kama anapigwa picha, humkumbuka nzi huyo.

Bandia za kawaida si za werevu huo. Tangu karne ya 19 vipande vidogo na chenga hupashwa joto na kukandamizwa kuwa pande kubwa, na mali yake ni kaharabu kweli, ila imezaliwa upya kiwandani. Kisha mwaka 1907 Leo Baekeland akatengeneza bakeliti, aina ya plastiki, na jamaa zake wa rangi nyekundu na asali wakaingia kwenye mikufu, vipini vya visu na tasbihi. Viwanda vya Ujerumani vilitengeneza shanga kubwa za aina hiyo kwa ajili ya soko la Afrika hasa, na leo watalii huzinunua Bamako na Marrakech zikiitwa kaharabu ya Kiafrika. Kuzitofautisha ni rahisi ikiwa ushanga umeshatolewa kwenye uzi: koroga chumvi katika maji hadi ikatae kuyeyuka, tumbukiza. Kaharabu inaelea, bakeliti inazama. Usitumbukize kidani kizima, utaozesha uzi na kubadilisha rangi ya vifungio. Na jaribio la sindano ya moto, ambalo kila muuza vitu vya kale anajidai kulijua, liache. Linaacha kovu lisilotoka, kwa kujibu swali ambalo maji ya chumvi yangejibu bure.

Ila maji ya chumvi hayamkamati mmoja, na huyo ni wa kwetu.

Siku moja mfanyabiashara alileta kidani cha fedha na shanga kubwa za njano iliyokolea, alichokinunua Harar, Ethiopia. Zilielea vizuri. Mzee akachukua pamba, akaitia tone la asetoni, maji ya kuondolea rangi ya kucha, akaigusisha pembeni mwa tundu, mahali pasipoonekana. Kaharabu haijali. Pale pamba ilinata, ikaacha nyuzi. Akanusa, akacheka, akaniambia, "Pani, hii ni kopali. Yenye sifa kuliko zote ilitoka kwenu." Alimaanisha sandarusi ya Zanzibar. Yeye aliijua kwa vanishi za fanicha za kale, na alishangaa kwamba mimi niliyezaliwa huko sikuwahi kuishika.

Sandarusi ni utomvu pia, lakini ni mchanga kwa umri: miaka mia kadhaa, pengine elfu kadhaa, haujawahi kuwa kisukuku kamili. Mti wake bado upo kwenye misitu ya pwani. Ile ya thamani haikugemwa mtini. Ilichimbwa ardhini, Mrima, kutoka pande za Saadani na Bagamoyo kwenda chini hadi Rufiji na Kilwa, mahali ambapo miti yenyewe ilishatoweka. Richard Burton, aliyepita huko mwaka 1857, aliandika jinsi wenyeji walivyotenga sandarusi iliyoiva ya ardhini na chakazi, ile mbichi ya mtini, ambayo wafanyabiashara waliilipa kidogo. Iliyoiva ukiiosha inatoka na ngozi yenye vipele vidogo vidogo kote. Mteja mkubwa alikuwa Salem, mji wa bandari wa Massachusetts. Marekani ilitiliana mkataba na Seyyid Said mwaka 1833, balozi wake mdogo wa kwanza Unguja, Richard Waters, akaingia kazini mwaka 1837, na meli za Salem zikawa zinashusha marekani, yaani kitambaa, na kupakia pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Ilisafishwa hukohuko Salem kiwandani, ikayeyushwa kuwa vanishi ya mabehewa na fanicha za watu wenye uwezo. Kiuno kilichoinama kuichimba kilikuwa cha Mrima. Mng'ao ulikuwa Boston.

Tangu siku hiyo siwezi kuiita sandarusi kaharabu ya uongo. Ni mali halali iliyouzwa kwa jina la mwenzake. Kama shanga, hata hivyo, ina udhaifu: uso wake hupasuka nyufa laini mapema, marashi yanaitia ukungu, na ukiipiga msasa kwa pupa inalainika na kunata. Mteja wangu huandikiwa "sandarusi, Afrika Mashariki au jirani zake", na wengi hukunja uso. Yule wa Harar alikunja pia. Fedha ya kidani chake ilikuwa nzuri sana, ningekuwa yeye nisingelalamika.

Yote haya nayaeleza kwa wepesi kwa watu nisiowajua. Kwa wa nyumbani ni kazi nyingine. Nilipokwenda Unguja likizo, shangazi yangu alinitolea tasbihi aliyoachiwa na babu, shanga 33, nyekundu ya kukolea, zimelainika kwa vidole vya watu wawili. "Mwanangu, hebu niangalilie hii. Babu yako aliinunua Makka, kaharabu safi." Nilipoishika tu nilijua. Ilikuwa nzito mno.

Mzee alikuwa na kawaida moja ambayo zamani niliiona ni uoga: kabla ya kupima kitu humuuliza mwenyewe, unataka kujua? Wapo waliosema hapana, naye alitunga, akapokea ujira wake, basi. Nikamuuliza shangazi hivyo hivyo. Akanitazama kwa jicho la kuona nimesomeshwa kupita kiasi. "Si ndiyo kazi yako? Pima."

Uzi ulikuwa umeoza, kwa hiyo kuufungua hakukuwa na dhambi. Tukaweka chumvi kwenye bilauri. Ushanga ulizama moja kwa moja hadi chini, na binamu zangu wote walikuwa wamesimama hapo.

"Basi ni nini?"

"Bakeliti, shangazi. Ni aina ya plastiki ya zamani."

Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Na iwe plastiki. Malaika hawaandiki shanga."

Nilitakiwa niishie hapo, lakini nilikuwa na jambo la kweli la kuongeza, nikaliongeza: tasbihi za zamani za aina hiyo zina watu wake, Istanbul na Ghuba kuna wakusanyaji wanaozilipia zaidi ya kaharabu mpya inayouzwa kwa watalii. Nikaitunga upya jioni ile, bila mafundo, maana shanga za tasbihi lazima ziteleze, nikamrudishia. Akaipokea kwa mikono miwili.

Kabla sijaondoka niliona ameifunga kwenye leso na kuitia ndani ya sanduku, chini ya nguo za sikukuu, na ufunguo ameuning'iniza shingoni. Siku hizi anahesabu kwa vidole. Nikipiga simu ananikumbusha nikija safari ijayo nimletee tasbihi ya mbao, ya bei rahisi, ya kutumia.